Mpira Uliochoka: Lugha ya Gereji na Deni la Wanaistilahi

Mjadala wa istilahi za sayansi na teknolojia katika Kiswahili una desturi moja isiyoachika: huanzia kwenye kompyuta na kuishia papo hapo. Katika makongamano ya miongo kadhaa sasa, wasomi wamebishana iwapo chombo hicho kiitwe tarakilishi, ngamizi au kompyuta tu, na ubishi huo umewapatia wanafunzi wengi mada za tasnifu. Hakuna ubaya katika hilo. Hata hivyo, kipo chombo kingine, kikongwe zaidi katika Afrika Mashariki na kinachowagharimu watu wa kawaida fedha zao kila uchao, ambacho wanaistilahi wamekipita kando kana kwamba hakina lugha. Chombo hicho ni injini ya gari. Na katika injini hiyo hakuna kitu kinachodharauliwa kuliko mpira: ule upitishao maji kati ya injini na rejeta, na ile myembamba inayonyonya hewa. Makala haya yanadai kwamba lugha ya kuieleza mipira hiyo ipo tayari, kwamba ina upungufu mmoja wa hatari, na kwamba upungufu huo hautazibwa na mtu aliyeketi ofisini na kamusi mbili za Kiingereza.

Gatwekera ni kimojawapo cha vijiji vinavyounda Kibera jijini Nairobi, kando ya reli iendayo Kisumu. Vichochoro vyake haviruhusu gari kupita. Kwa hiyo magari ya wakazi, pamoja na ya wateja watokao Kawangware na kwingineko, hutengenezwa pembezoni, palipo na upana wa barabara na kivuli cha bati. Mengi ya magari hayo yalitoka Japani yakiwa yametumika. Kanuni za Kenya huzuia kuingizwa kwa gari lililozidi umri wa miaka 8, lakini hakuna kanuni inayoliamuru gari lizeeke polepole baada ya kushuka melini. Gari la miaka 8 bandarini Mombasa huja kuwa la miaka 20 na ushei mikononi mwa mmiliki wa nne au wa tano. Chuma cha injini yake chaweza kuwa kizima bado. Kinachotangulia kuzeeka ni mpira.

Kiwandani, mpira hupikwa kwa joto na salfa ili uwe na nguvu na uweze kunyumbuka. Injini huyaendeleza mapishi hayo bila kuulizwa. Mwaka baada ya mwaka, joto la chini ya boneti, hewa na mvuke wa oili huukausha hadi unapokunjwa unatoa mlio kama wa kuni. Mpira wa maji una hila ya ziada: mara nyingi huoza kuanzia ndani, karibu na ncha zake, ilhali nje ungali uking'aa. Ndiyo maana fundi mzoefu haridhiki kuutazama. Huuminya kwa vidole karibu na klipu, injini ikiwa imepoa, akisikiliza iwapo umelegea kama ndizi mbivu au unakwaruza kwa ndani.

Hapa jiografia ya mahali nayo ina neno. Nairobi iko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu hiyo maji yaliyo wazi huchemka jijini humo yakifikia nyuzi 94 hivi za Selsiasi, si 100 kama Mombasa. Injini nyingi za petroli kutoka Japani zimeundwa zifanye kazi kati ya nyuzi 80 na 95. Maji yasingestahimili kama si kifuniko cha rejeta, ambacho huyafungia ndani kwa shinikizo linalokaribia lile la hewa ya pwani, na kukipandisha kiwango cha kuchemka hadi kupita nyuzi 110. Lakini kifuniko hicho hakina faida mpira unapokuwa na ufa. Ufa usiomwaga hata kikombe kimoja cha maji kwa siku hutosha kulitoa shinikizo lote, na likisha kutoka, injini iliyokuwa salama huanza kuchemsha kwa joto lile lile la kawaida yake. Dereva wa Mombasa ana nafasi ya nyuzi chache. Mwenzake wa Nairobi hana. Baadaye gasketi huungua, kichwa cha injini hupinda, na mtu ambaye angenunua mpira mmoja na klipu mbili huanza kutafuta injini nzima. Wanafunzi wa Kiswahili wamekuwa wakiandika insha za ufa na ukuta tangu shule ya msingi. Ufa wenyewe ndio huu.

Basi lugha ya jambo hili ni ipi? Msomi akipita gerejini humo ataisikia sentensi "Mpira imechoka," na yamkini sikio lake litagota kwenye upatanisho wa kisarufi: ilipasa iwe "umechoka". Ni kweli ilipasa. Lakini akiishia hapo amekosa jambo kubwa zaidi, kwamba kitenzi "kuchoka" kimetumika kwa usahihi usio na kifani. Kuchoka si kukatika, si kupasuka, wala si kuchakaa kwa kusuguana. Ni hali ya kitu ambacho bado kina umbo lake lakini kimeishiwa na nguvu ya kulihimili. Wahandisi wanaoandika kwa Kiingereza huzungumzia uchovu wa chuma vivyo hivyo, na fundi wa Gatwekera hakuhitaji kuwaazima. Tena anavyo vitenzi vingine vinavyoutenga uchovu huo kwa aina: mpira umekauka, umekakamaa, umelainika, umevimba. Kila kimoja kina chanzo chake. Uliokakamaa umeunguzwa na joto. Uliovimba na kulainika aghalabu umeguswa na oili. Mtu anayevitumia vitenzi hivyo mahali pake amekwisha kufanya nusu ya uchunguzi.

Kuna mfano bora kuliko huo. Katika kinywa cha fundi makini, gari "linalovuja" maji si sawa na gari "linalokunywa" maji. La kwanza huacha alama ardhini, na tiba yake huanzia kwenye mipira, klipu na rejeta. La pili hupungukiwa na maji bila tone kuonekana nje; maji yanaingia ndani ya injini na kutoka kwa moshi mweupe, na hapo mpira mpya hautasaidia kitu. Tofauti hiyo ya vitenzi viwili inatenga kazi ya saa moja na kazi ya siku kadhaa. Hakuna kamati iliyoibuni. Imetokana na tabia ya kale ya Kiswahili ya kukieleza chombo kwa mwili wa kiumbe, ndiyo maana injini hukohoa, hupumua, hula oili na hatimaye hufa. (Huko Tanzania "kuchemsha" kumekwisha kuhama gerejini: mtu aliyeshindwa mtihani au aliyekosea mbele ya watu huambiwa amechemsha. Haielekei kuwa aliyeanzisha usemi huo alikuwa akifikiria sufuria.)

Anayeona kwamba lugha ya mikono yenye grisi haistahili kuingia katika taaluma na aikumbuke historia ya Kiswahili chenyewe. Parafujo ni neno la Kireno. Randa na gari yametoka Bara Hindi. Spana, nati na breki yametoka kwa Waingereza. Yote yaliingia kupitia mikono: ya mabaharia, ya maseremala, ya wajenzi na makanika. Neno mpira nalo lina asili yake porini. Mpira ni mmea kwanza, na utomvu wa mimea hiyo ya mwituni, hasa ule ambao wanabotania huuita Landolphia kirkii, ulikuwa bidhaa ya kuuzwa ng'ambo kutoka pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 19. Kutoka kwenye mmea jina lilihamia kwenye utomvu, kisha kwenye kitu cha kuchezea, kisha kwenye bomba linyumbukalo. Hata "jua kali", jina la mafundi wafanyao kazi bila paa, lilipanda kutoka barabarani hadi kwenye kichwa cha waraka rasmi wa Serikali ya Kenya wa mwaka 1992 kuhusu biashara ndogo ndogo. Njia hiyo ya kutoka chini kwenda juu ndiyo njia kuu ya istilahi za ufundi katika lugha hii, na inashangaza kwamba wanaoifundisha isimu ndio wanaoisahau.

Hata hivyo, kuisifu gereji kupita kiasi ni kosa la namna nyingine. Lugha yake ina tundu, na tundu hilo limo ndani ya neno lenyewe, mpira. Chini ya boneti moja mna mpira wa maji wa juu, mpira wa maji wa chini, mipira miwili ya kipasha joto, mpira wa petroli, mpira wa hewa chafu ya injini, mpira mnene uendao kwenye kisaidizi cha breki na mingine myembamba kama mrija. Yote huitwa mpira. Fundi na mwenye gari wakiwa wameinama pamoja, kidole humaliza utata. Lakini kidole hakisafiri. Kijana akitumwa Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi wangali wakiiita Grogan, kununua "mpira wa inchi nusu", kinachosafiri ni neno, na neno hilo halisemi ni wa nini. Mpira uliotengenezewa maji huvimba na kuoza ukipitishiwa petroli, na petroli idondokayo juu ya injini yenye moto haimsubiri mtu asahihishe istilahi. Vivyo hivyo, mpira laini wa maji ukifungwa mahali pa kunyonya hujibana kuta zake na kuziba. Katika duka hilo herufi zilizopigwa chapa mgongoni mwa mpira ni za Kiingereza, na tofauti zinazoelezwa na herufi hizo hazina hata neno moja la Kiswahili analofundishwa kijana huyo mahali popote.

Tundu ni kubwa zaidi katika mipira ya kunyonya. Injini inapovuta hewa, ndani ya njia zake za kuingizia hewa hutokea upungufu wa shinikizo, na upungufu huo huazimwa na mipira myembamba kufanyia kazi nyingine, kubwa ikiwa ni kumsaidia dereva kukanyaga breki. Wanafizikia wa Kiswahili wana neno zuri kwa hali hiyo, ombwe. Neno hilo limepotelea wapi? Limehamia kwenye magazeti, ambako kila mwanasiasa akifariki au akijiuzulu huacha ombwe la uongozi. Gerejini halijafika. Huko husikika "vakiumu", na wengi walitamkao hulielewa kuwa ni jina la kifaa, si la hali. Matokeo yake ni kwamba mpira wa kunyonya wenye ufa hutafutwa kama mpira wa maji wenye ufa: watu hutazama ni wapi pametoka kitu. Hakuna kinachotoka. Ufa huo huingiza. Hewa isiyopimwa huingia, injini hupanda na kushuka ikiwa imesimama, huzima kwenye taa za barabarani, na mwenye gari hununua plagi, kisha koili, kisha pampu ya petroli, vyote bila tija.

Na bado wakazi wa Gatwekera wanaielewa hali hiyo kuliko wanafunzi wengi wa vyuo vikuu, kwa sababu wameinywa. Kwa miaka mingi maji ya Kibera yamepitia katika mabomba membamba ya plastiki yaliyotandazwa juu ya ardhi, yakikatiza mitaro ya maji machafu. Maji yakiwa na nguvu, bomba lenye ufa hutema. Yakikatika, bomba lile lile hunyonya, na linachonyonya ni kilichomo mtaroni. Mteja wa mtungi wa lita 20 hajui neno ombwe, lakini anajua kwa nini maji ya kwanza baada ya ukame wa siku mbili hayafai kunywewa. Shirika la SHOFCO, lililoanzia shughuli zake Gatwekera, lilipoamua kuyapitisha mabomba yake juu ya nguzo, hewani, lilikuwa likijibu tatizo hilo pamoja na lile la wezi wa maji. Kwa hiyo mwalimu anayetaka kumfafanulia mwanagenzi wa Kibera mpira wa breki hana haja ya kuanzia kwenye ubao wa fizikia. Kuna ufa utemao na ufa unyonyao. Kutokana na vitenzi hivyo viwili, majina yanajitunga: mpira wa maji, mpira wa mafuta, mpira wa kunyonya. Ombwe litapata mahali pake baadaye, likiwa na maana.

Wapo wanaoshikilia kwamba kazi ya ufundi haielezeki kwa Kiswahili bila kuchanganya ndimi. Dai hilo hujaribiwa kwa kuieleza kazi yenyewe. Injini huachwa ipoe kabisa kabla ya kufungua kifuniko cha rejeta, kwa kuwa maji yaliyofungiwa katika nyuzi 100 hulipuka usoni yakifunguliwa. Maji humwagwa kupitia bomba dogo la chini ya rejeta. Klipu hulegezwa na kusogezwa nyuma. Mpira mkongwe uliogandamana na shingo ya rejeta hauchokonolewi kwa bisibisi, maana rejeta nyingi za siku hizi zina shingo za plastiki zilizozeeka pamoja na mpira wenyewe. Hupasuliwa kwa kisu kwa urefu, ukachambuliwa kama ganda. Shingo husuguliwa hadi ukoko wa chokaa na kutu utoke. Klipu mpya huvishwa kwenye mpira kabla ya mpira kuvishwa mahali pake, jambo ambalo kila mwanagenzi hulisahau mara moja. Mpira wa chini, kwa kuwa uko upande unaovutwa na pampu, katika magari mengine huwa na springi ndani ili usijibane. Springi hiyo isitupwe pamoja na mpira mkongwe. Mwishoni maji yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kutu humiminwa polepole, injini ikawashwa kifuniko kikiwa wazi, na mpira wa juu ukaminywaminywa hadi mapovu ya hewa yaishe. Maji matupu ya mtungini hutosha kulifikisha gari nyumbani, ila yakiachwa humo miezi ndiyo yanayoitafuna rejeta. Na thamostati irudishwe. Desturi ya kuing'oa na kuitupa, iliyoenea katika gereji nyingi, huifanya injini ifanye kazi ikiwa baridi mno na kuunguza petroli bure.

Mipira ya kunyonya hubadilishwa mmoja mmoja, kamwe si yote kwa pamoja, kwa sababu ramani yake hupotea kwa urahisi. Magari mengi yana ramani hiyo kwenye kibandiko chini ya boneti, lakini katika gari lililouzwa kwanza Japani maelezo ya kibandiko yaweza kuwa ya Kijapani, na basi fundi hufunga uzi wa rangi kwenye kila ncha. Katika mpira wa breki mna vali ya njia moja. Ikigeuzwa, msaada wa breki hutoweka. Kipimo chake hakihitaji chombo chochote: injini ikiwa imezimwa, kanyagio la breki hukanyagwa mara kadhaa hadi liwe gumu, mguu ukabaki hapo hapo, injini ikawashwa. Kanyagio likizama kidogo, mpira unanyonya. Likikaa vile vile, gari hilo lisiteremke mteremko wowote.

Aya mbili hizo hazikuhitaji kamusi ya istilahi. Zilihitaji maneno ambayo yanazungumzwa mchana kutwa na watu wasioalikwa kwenye makongamano. Bewa la Kenya Science la Chuo Kikuu cha Nairobi liko kando ya Barabara ya Ngong, mwendo wa miguu kutoka Kibera. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayetafuta mada ya utafiti wa uwandani angeweza kukaa gerejini kwa wiki sita na daftari, akarejea na leksimu ya gereji: nomino mia kadhaa, na vitenzi, ambavyo ndivyo hupuuzwa zaidi na watunga istilahi wetu. Orodha zetu zimejaa majina ya vitu. Lakini gari halitengenezwi kwa majina ya vitu. Hutengenezwa kwa kulegeza, kukaza, kuvisha, kuminya na kusikiliza.

Itapingwa kwamba lugha ya Gatwekera ni Sheng na kwamba kuirekodi ni kuihalalisha. Pingamizi hilo linachanganya mambo. Fundi azungumzaye Dholuo nyumbani na mteja wake Mnubi au Mluhya hawaongei ili kujitambulisha kama vijana wa mtaa. Wanaongea ili mpira sahihi ununuliwe. Wanatumia Kiswahili kwa kuwa ndicho walicho nacho pamoja, tangu zamani kuliko Katiba ya mwaka 2010 iliyokifanya kuwa lugha rasmi ya Kenya. Upatanisho wao ukiwa na kasoro, mhariri ataunyoosha kwa kalamu moja. Pingamizi lililo na uzito zaidi ni kwamba msamiati wa Nairobi hautaeleweka Ilala au Bujumbura, na hilo ni kweli kwa sehemu: anayeitwa fundi Dar es Salaam huitwa makanika Nairobi, na rejeta ina matamshi mengi kuliko idadi ya nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lakini ni nani mwenye nafasi bora ya kuyalinganisha matamshi hayo kuliko vyama vya wanafunzi wa Kiswahili, ambavyo kupitia CHAWAKAMA hukutana kutoka nchi mbalimbali? Kila ujumbe ungekuja na leksimu ya gereji moja ya kwao, badala ya makala nyingine juu ya tarakilishi.

Wala zao la kazi hiyo lisiwe kamusi nene ya rafuni. Linalohitajika gerejini ni karatasi moja iliyofunikwa plastiki, itakayostahimili grisi, yenye michoro na Kiswahili kilichosafishwa lakini kisichogeuzwa kigeni kwa wenyewe. Ya kwanza yaweza kuwa ya mipira: wa maji, wa mafuta, wa kunyonya, kila mmoja na herufi za Kiingereza zinazopatikana mgongoni mwake, ili kijana aendaye Grogan aulize kwa jina na ahakiki kwa macho kabla ya kulipa.